Ng'ombe Aliyeuzwa Hamdai Mtu

Mwaka 1878, mahakama mjini Cincinnati ilimwamuru Zebulon Ward amlipe Henrietta Wood dola 2,500. Wood alikuwa mwanamke huru alipotekwa kwa njama ya Ward mwaka 1853, akavushwa mto Ohio na kurudishwa utumwani. Alikuwa amedai 20,000.

Wapo wanaoona karaha katika fidia ya aina hii: je, si kumbandika mtu bei kwa mara ya pili? Nakataa. Bei hupatanwa na wawili, naye anayeuzwa hana neno. Deni haliwezi kuwepo pasipo mtu anayewiwa. Ng'ombe aliyeuzwa hamdai mtu. Aliyesimama mahakamani akasema “nilipe” amekwisha kuivunja hoja nzima ya aliyemuuza, hata kabla ya hukumu.

Hata kwa utumwa wa leo, kesi ya jinai ni ya lazima, lakini yenye kesi ni serikali. Aliyeumizwa huitwa shahidi, hujibu anachoulizwa, na mara nyingi mhalifu akishafungwa yeye hurudi kwao mikono mitupu. Katika kesi ya madai, mtu aliyenyimwa kuamua hata saa yake ya kulala ndiye anayeamua amshtaki nani, adai nini, akubali suluhu au akatae. Na deni humfuata hata mnufaika: tangu 2008 sheria ya Marekani inaruhusu kumdai aliyefaidika na biashara ya kusafirisha watu ilhali alijua, au alipaswa kujua.

Uingereza, mfanyakazi wa ndani kutoka Ufilipino alimshtaki mwanadiplomasia wa Saudi Arabia. Kwa maelezo yake, alilazimishwa kuvaa kengele mwilini saa zote, ili aitwe wakati wowote. Mwajiri akajifunika kinga ya kibalozi. Julai 2022 Mahakama ya Juu, majaji watatu kwa wawili, ikaamua kwamba kumnyonya mtu hivyo, ikithibitika, ni shughuli ya kibiashara, na kinga haiifuniki.

Hata hivyo, haki hii isigeuzwe wajibu. Kusimulia mateso mbele ya wakili wa upande wa pili ni mateso mengine, na asiyeyaweza hajasamehe kitu. Kwa aliyethubutu, hukumu isiyolipika ni dhuluma mpya, maana wasafirishaji wa watu ni hodari wa kuhamisha fedha na kuandikisha nyumba kwa majina ya ndugu. Mahakama izuie mali ya mdaiwa tangu kesi inapofunguliwa, kabla hajapata nafasi ya kuificha.