Presha Ikipanda, Sogea Karibu

Masomo: Mathayo 26:36–46, Luka 22:39–46



Huko Marekani, magari ya IndyCar yanayoshindana katika Indianapolis 500 yanatumia, tangu mwaka 2012, injini ndogo ya lita 2.2 yenye tabo. Kwa miaka mingi mafuta yake yalikuwa E85, yaani ethanoli kwa sehemu kubwa na petroli kidogo. Kila fundi anayeandaa injini ya namna hiyo, iwe ya mashindano au ya kijana apendaye mwendo, hukutana na swali la plagi: achague ipi, na aache mwanya kiasi gani kati ya ncha zake mbili?

Juma hili naomba tulitafakari swali hilo.

Cheche huruka kutoka ncha moja hadi nyingine. Katika injini nyingi zisizo na tabo, mwanya wa milimita 1.0 au 1.1 hautoi shida. Tabo ikianza kushindilia hewa ndani ya silinda, umeme huhitaji nguvu zaidi kuvuka mwanya uleule, na koili ina kikomo chake. Ikizidiwa, cheche haivuki. Gari linamisi, tena pale dereva alipokanyaga mafuta akitaka nguvu. Mtu anaweza kutafuta koili kubwa zaidi, na pengine itambidi. Lakini fundi mzoefu huanza kwa kuchukua geji na kupunguza mwanya, mara nyingi hadi milimita 0.6 au 0.7.

Nyumba zetu nazo hupandwa na presha: ada haijalipwa, mzazi ni mgonjwa, kazi imekwisha ghafla. Maneno yaliyokuwa yakieleweka mwezi uliopita sasa hayafiki. Basi tunapaza sauti. Baba anafoka, mama anajibu kwa ukali zaidi, kijana anajifungia chumbani. Nguvu imeongezwa, ila umbali haujaguswa.

Tazameni Getsemane. Huzuni ilipomlemea, Yesu aliwachukua Petro na wana wawili wa Zebedayo wawe karibu naye, wala hakuwaficha hali yake. Akaenda kuomba, akarudi kwao, akaenda tena, akarudi tena. Mwenye mzigo ndiye aliyetembea kuwafuata waliolala.

Hapo napenda utaratibu wa fundi anaporekebisha plagi ya iridiamu. Ncha ya katikati ni nyembamba na huvunjika kwa urahisi, kwa hiyo haisukumi. Anaukunja taratibu ule mkono wa nje, ulioshikamana na mwili wa plagi. Katika ugomvi, tusingoje aliyevunjika moyo asogee. Asogee yule anayeweza kukunjika.

Hata hivyo Luka anatuambia kwamba Yesu alijitenga na wanafunzi umbali kama wa kutupa jiwe. Mwanya ulipungua, haukufungwa. Mafundi wanalijua hili: ukibana kupita kiasi, cheche huwa ndogo mno na hushindwa kuwasha mafuta. Ethanoli inahitaji uangalifu hapo, kwa sababu haigeuki mvuke kirahisi kwenye baridi. Ndiyo maana magari mengi ya ethanoli ya Brazil yaliwekewa tangi dogo la petroli la kuwashia injini asubuhi. Vivyo hivyo, upo ukaribu unaomnyima mtu pumzi: kumhoji mgonjwa kila saa, kupekua simu ya mwenzi, kumfuata mfiwa hata pale anapotaka kulia peke yake. Mpendwa wako anahitaji nafasi ya kuwa na Baba yake wa mbinguni.

Kuhusu kuchagua, injini yenye tabo kwa kawaida huwekewa plagi inayoitwa baridi. Haiogopi moto, imo ndani ya moto uleule. Tofauti yake ni kwamba hulipitisha joto upesi kwenda kwenye silinda hedi, isije ikaiva ikawasha mafuta kabla ya wakati. Nani kati yetu hajalipuka kabla ya wakati, kwa sababu ya joto alilolihifadhi tangu asubuhi? Yesu aliuhisi uchungu wote wa usiku ule, akaukabidhi kwa Baba. Walipokuja wenye mapanga, Petro alifuta upanga. Yesu alikuwa ametulia.

Juma hili, mtafute mmoja ambaye maneno yako hayamfikii tena. Usiandae hotuba. Nenda ukae naye, umsikilize, kisha umwachie nafasi. Na kabla ya kwenda, mkabidhi Mungu hasira yako.

Tuombe: Ee Bwana, uliyetusogelea tulipokuwa mbali, utupe unyenyekevu wa kutangulia kusogea, na hekima ya kujua kipimo. Amina.