Kamba ya Paka na Neno "Inajuzu"



Ndugu zangu katika imani, baadhi yenu mmeniona baada ya swala ya Alasiri nikizunguka nyuma ya nyumba za kupanga na paka aliyefungwa kamba. Mmecheka, na wapo walioniuliza kama nimeanza kuiga Wazungu. Hayo hayakunisumbua. Lililonisumbua ni swali la ukhti mmoja tulipotoka kwenye darsa: "Wewe unayesoma dini, huiogopi hadithi ya yule mwanamke na paka?" Naandika makala hii kwa sababu siku ile nilimjibu vibaya.

Nianze na kamba yenyewe. Nimepanga chumba kwa Hajati mmoja hapa Mbale, nyumba iko karibu kabisa na barabara ya bodaboda. Paka wangu wa kwanza alitoka na kuingia atakavyo. Asubuhi moja nilimkuta barabarani amekwisha kufa, kagongwa na pikipiki. Alipokuja wa pili, mweusi, nikamwita Zabibu, na nikamfungia ndani. Kwa miezi mitatu alikaa dirishani akitazama ndege, usiku analia, mchana anachana godoro langu. Nilikuwa nimemwokoa na barabara, lakini sikuwa na hakika kama nilichomwachia ni maisha.

Ndipo nikaanza kumzoesha kamba. Paka hafungwi shingoni kama mbuzi, maana akishtuka hujinyonga au hujichomoa. Huvalishwa mkanda unaopita shingoni na kifuani, wenye nafasi ya kupenya vidole viwili. Siku za kwanza niliuweka kando ya sahani yake aunuse tu. Nilipomvisha, alijilaza ubavu kama aliyepooza, nikawa nampa dagaa (hapa huitwa mukene, kwetu Bujumbura ndagala) mmoja mmoja mpaka akainuka. Wiki iliyofuata aliburuta kamba chumbani. Baada ya chanjo ya kichaa cha mbwa tukatoka uani, dakika tano tu, saa ambayo hakuna kelele, mlango uko wazi ili akiogopa akimbilie ndani. Nilijifunza kwamba mbwa humfuata mtu, lakini paka yeye ndiye hufuatwa. Ukivuta kamba, anakaa chini. Kazi yako ni kungoja.

Sasa turudi kwenye swali. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Ibn Umar (r.a.). Mwanamke aliingia motoni kwa sababu ya paka aliyemzuia mpaka akafa. Hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Katika baadhi ya mapokezi tendo lililotajwa ni *rabatat-ha*, yaani alimfunga. Kwa hiyo ukhti hakubuni kitu. Kufunga kumetajwa.

Nilimjibu haraka haraka kwa kauli ya Qurtubi ambayo Ibn Hajar ameinukuu katika Fat-hul Bari, kwamba inajuzu kumfuga paka na kumfunga maadamu mtu hapuuzi kumlisha na kumnywesha. Nikaongeza habari ya Abu Umayr, yule mtoto aliyekuwa na ndege mdogo, na Mtume (s.a.w.) akawa anamtania kwa kumuuliza habari za ndege wake, wala hakumkataza kumfuga. "Umeona? Inajuzu," nikamwambia, nikaenda zangu nikijiona nimeshinda.

Kisha ikaja wiki ya mitihani. Asubuhi moja nilimtoa Zabibu, nikafunga kamba kwenye mpera wa uani, nikamwekea bakuli la maji, nikasema naingia ndani kuchukua daftari. Simu ikalia: mwenzangu amepata maswali ya mitihani ya miaka iliyopita. Nikaenda kwake mbio. Niliporudi, Adhuhuri ilikuwa imeshaswaliwa. Zabibu alikuwa ameuzunguka mti mpaka kamba ikaisha. Kivuli kilikuwa kimehama, yeye kabanwa kwenye shina juani, kinywa wazi, anahema. Bakuli lilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, limejaa kama nilivyoliacha.

Hajati ndiye niliyemkuta akimfungua. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, hicho kitabu unachokisoma kinasemaje?"

Nilikaa chini pale pale. Hadithi hii naijua tangu madrasa, na siku chache kabla nilikuwa nimeitolea fatwa njiani. Mtu angeniuliza, "Je, ulimwekea maji?" ningesema ndiyo, na ningekuwa nimesema kweli. Na paka angekufa kwa kiu mbele ya maji hayo. Katika kauli ya Qurtubi nililishika neno "inajuzu" nikaliacha "hapuuzi", nalo ndilo lililobeba mzigo wote.

Nikairudia hadithi polepole. Inataja milango miwili: umlishe, au umwache aile riziki yake ardhini. Yule mwanamke aliifunga yote miwili. Anayemfunga mnyama amekaa katikati ya mnyama huyo na riziki aliyowekewa na Mola wake, na tangu dakika ile yeye ndiye wa kuulizwa. Paka wa mtaani akikosa maji, huenda jirani wote wana sehemu. Zabibu akikosa maji, naulizwa mimi.

Nikaikumbuka na hadithi ya Abu Qatada (r.a.), aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe, akaeleza kwamba Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, ni katika wanaotuzungukia. Neno ni *tawwafin*. Hiyo ndiyo sifa aliyopewa paka katika dini yetu: ni mzungukaji. Tangu siku ile kamba ya Zabibu haifungwi tena kwenye mti. Inashikwa na mkono, na mkono unazunguka pamoja naye. Nikiwa sina nafasi ya kuzunguka, hatoki.

Wapo watakaosema, basi mwachie, Mungu atamlinda. Nilimwachia wa kwanza. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mtu aliyeuliza kuhusu ngamia wake aliambiwa amfunge kisha ategemee. Kamba ina nafasi yake, na tawakkul haimwondolei mtu wajibu wa kuangalia.

Ndugu zangu, karibu sote tutahitimu, na wengi tutakabidhiwa watu: wanafunzi darasani, watoto, msichana wa kazi, mdogo wako uliyemleta mjini asome. Tutawawekea mipaka, na mingi ya mipaka hiyo tutaitolea dalili, na dalili zitakuwa sahihi. Nachelea siku tutakayosema "inajuzu" huku aliye upande wa pili wa kamba haoni njia ya kuyafikia maji.

Ukhti, swali lako nalijibu sasa: naam, naiogopa. Nilipokujibu mara ya kwanza nilikuwa bado sijaiogopa.

Allah atusamehe tuliyopuuza, na atujaalie huruma kwa kila aliyewekwa mikononi mwetu. Wallahu a'lam.