Njia Panda na Mkono wa Tatu

Msafiri atokaye Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, akishika barabara iendayo Musoma, hufika Lamadi. Hapo njia hugawanyika: moja huendelea Musoma, nyingine hupinda kuelekea Bariadi, kwenye nchi ya pamba. Mwulize amesimama mbele ya njia ngapi, atakujibu mbili. Lakini mwewe aliye juu huona tatu, kwani huihesabu na ile iliyomleta msafiri.

Kiswahili hakikukosea kupaita mahali kama hapo njia panda. Panda ya mti ni matawi mawili pamoja na shina liyabebalo. Manati ya watoto hukatwa kwenye panda: ncha mbili hufungwa mpira, mguu wa tatu hushikwa mkononi. Hata nguzo za nyumba zetu za pwani zilikuwa hivyo: ncha mbili zikipokea mwamba wa paa, na mguu umezama ardhini. Mafiga ni matatu yaliyo sawa. Panda ina mkubwa wake.

Basi, mtu achaguapo baina ya mambo mawili, je, ni haki kuhesabu mawili tu? Katika Ugiriki ya kale, Prodicus alimweka Heracles mbele ya njia mbili, ya wema na ya anasa. Sophocles alihesabu vyema zaidi: Oedipus wake aliua mtu mahali zikutanapo njia tatu, asijue kuwa ni babake. Hakupotea kwa kutojua aendako. Alipotea kwa kutojua atokako.

Labda mtu atapinga: njia ya nyuma imekwisha kupitwa, na mara nyingi wazee huifanya kamba ya kuwafungia vijana. Ni kweli. Lakini mguu wa manati hauchagui shabaha. Humpa mrushaji mahali pa kushika. Asili nayo haituamrii pa kwenda. Hutukumbusha ni nani aendaye, na anadaiwa nini. Kijana wa Nyashimo, ashike njia ya Musoma au ya Bariadi, deni lake kwa waliomlea ni lile lile. Na pengine uungwana wenyewe ni kugeuka na kurudi.

Kwa hiyo, tufikapo njia panda, tusiulize tu, "Niende wapi?" Tuulize pia, "Nimetoka kwa nani?"