Mlima wa Kalebu na Nyumba ya Barzilai

Soma Yoshua 14:6–14 na 2 Samweli 19:31–39.

Biblia ina wazee wawili ambao ni nadra kuwasoma pamoja. Kalebu, mwenye miaka 85, anamwendea Yoshua kuomba nchi ya milima ya Hebroni, ingawa Waanaki bado wako huko katika miji yenye maboma. Barzilai, mwenye miaka 80, anaalikwa na Mfalme Daudi kwenda kukaa naye Yerusalemu, naye anakataa. Mmoja anasema nguvu zake hazijapungua. Mwingine anasema haonji tena ladha ya chakula wala hasikii vizuri sauti za waimbaji. Hakuna anayelaumiwa kati yao.

Makanisani mwetu tunamhubiri zaidi Kalebu. Mume na mke wakistaafu wakiwa na miaka 60, mume mwalimu na mke muuguzi, wakasimama siku ya Sabato na kusema wanakwenda kujitolea miaka miwili kwenye zahanati ya misheni mkoa wa mbali, kanisa zima litaitikia Amina. Ni haki liitikie. Abram La Rue alipotaka kwenda China, viongozi walimwona ni mzee mno. Mwaka 1888, akiwa na miaka 65, alifika Hong Kong kwa gharama zake mwenyewe, akauza vitabu na kuwahudumia mabaharia bandarini hadi alipofariki mwaka 1903.

Kwa gharama zake mwenyewe. Hapo ndipo swali linapoanzia. Tunapomtolea Mungu miaka yetu ya kustaafu, nani hasa analipa? Katika Marko 7:9–13 Yesu aliwakemea watu waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, huku baba na mama zao wakikosa msaada. Sadaka ilikuwa ya kweli, lakini ilitoka katika fungu la mtu mwingine. Mzee anayeondoka na kumwacha mama yake wa miaka 90 kijijini bila mtu wa kumchotea maji anakaribia sana kosa hilo, hata kama barua yake ya kujitolea imesainiwa na mchungaji.

Lakini si kila anayelia nyumbani ana dai la haki. Kuna watoto wazima, wenye afya na kazi, wanaokihesabu kiinua mgongo cha wazazi kama urithi uliochelewa. Hao wanaweza kuambiwa hapana. Mtoto aliye mgonjwa, au mjukuu yatima ambaye bibi ndiye mlezi wake pekee, ni jambo lingine. Tofauti kati ya haja na mazoea haitajulikana kwa maombi ya faragha peke yake. Lazima familia ikae chini na kuzungumza, fedha zikitajwa kwa tarakimu. Kalebu mwenyewe, pamoja na vita vyake, alimpa binti yake Aksa shamba, na alipoomba tena akampa chemchemi za juu na za chini (Yoshua 15:16–19).

Halafu kuna mke. Mara nyingi ni mzee anayesema ameitwa, na mama anafungasha. Maandiko hayamtaji Akila pasipo Prisila hata mara moja. Wanashona hema pamoja, wanasafiri pamoja, wanamfundisha Apolo pamoja. Huduma ya namna hiyo haiwezi kujengwa juu ya mtu mmoja aliyeamua na mwingine aliyenyamaza. Ukimya wa mama usihesabiwe kuwa idhini. Aulizwe peke yake, na mtu anayeweza kuvumilia jibu lake.

Barzilai anatukumbusha upande tunaousahau kabisa: wenyeji. Alimwuliza mfalme kwa nini awe mzigo kwake. Mwenye shinikizo la damu ajue kama dawa zake zinapatikana huko aendako, na apimwe kabla ya kukata tiketi. Hilo ni jepesi. Gumu ni hili: mwalimu mkuu mstaafu, aliyezoea watu kusimama anapoingia, atapangiwa kazi na mganga mfawidhi wa miaka 28. Muuguzi aliyefanya kazi miaka 35 ataelekezwa na binti anayeweza kuwa mjukuu wake. Asiyeweza kupokea agizo kutoka kwa kijana huyo bado hajawa tayari, hata kama mizigo imefungwa. Napenda kamati zetu ziulize hili kabla ya kuuliza vyeti.

Wala aliyebaki asidhaniwe kuwa mchoyo. Daudi alipokuwa mkimbizi huko Mahanaimu, Barzilai alikuwa miongoni mwa waliomletea vitanda, mabakuli, unga, asali na kondoo (2 Samweli 17:27–29). Alipokataa safari ya Yerusalemu, alimtoa Kimhamu aende badala yake. Wanandoa wanaomlipia nauli na chakula muuguzi kijana asiye na ajira ili akatumike katika zahanati ileile, wameingia katika kazi hiyo kwa mlango wa Barzilai.

Kwa darasa: Wanandoa wastaafu wamekwisha kujaza fomu. Binti yao, aliyeachwa na mume, anasema wakiondoka hatakuwa na mtu wa kumwachia mtoto na atapoteza kazi. Huko wanakokwenda, akina mama hutembea nusu siku ili wajifungue mahali penye muuguzi. Mngewashauri nini, na mngemwambia nini yule binti?