Mkataba Uliovunjwa Ulifaa Nini?



Nilipozuru Bariadi mwaka huu, baada ya sala ya Ijumaa, mzee mmoja mkulima wa pamba, ambaye bado aichunguza dini wala hajaamua, aliniuliza swali lililonifunga mdomo kwa muda. Alisema: “Sheikh, ninyi mwahubiri suluhu. Lakini suluhu iliandikwa Mogadishu mwaka 1972, na mwaka 1978 vijana wetu wakaenda vitani. Karatasi ile ilifaa nini?”

Yapasa kwanza tukumbushane habari yenyewe. Januari 1971 Idi Amin alimpindua Milton Obote, na Obote akapokewa Tanzania. Septemba 1972 wafuasi wake wakavuka mpaka kuingia Uganda, wakashindwa. Nazo ndege za Uganda zikaangusha mabomu Bukoba na Mwanza. Serikali ya Somalia ikasimama kati, na tarehe 5 Oktoba 1972 mkataba ukatiwa sahihi: majeshi yarudi nyuma kilometa 10 kutoka mpakani, maneno ya uchochezi redioni yakome, wala nchi moja isiwahifadhi watu wanaokusudia kuipiga nchi ya pili.

Sharti hilo la mwisho ndilo zito. Ni nani apendaye kumfungia mlango mgeni aliyemkimbilia? Lakini kumbuka Hudaibiya. Mtume Mtukufu s.a.w. alikubali kwamba atakayekimbia kutoka Makka bila idhini ya walii wake atarudishwa. Wino haujakauka, akaja Abu Jandal akiburuta minyororo, mwana wa yule yule Suhail aliyekuwa akiandikiana mkataba na Waislamu. Masahaba walilia. Sayyidna Umar r.a. aliumia mno moyoni. Hata hivyo Abu Jandal alirudishwa, kwa kuwa ahadi ilikwisha tolewa. Basi asidhani mtu kuwa suluhu ni kazi ya watu wepesi wa moyo.

Sasa nirudi kwa mzee wangu. Karatasi ya Mogadishu ilizuia vita kamili kwa miaka sita. Je, hilo ni dogo? Mtoto aliyezaliwa karibu na Kyaka mwaka ule alipata kutembea, kusema na kuchunga mbuzi kabla ya kusikia mzinga.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba nchi yote iliyo kaskazini ya mto ni yake. Mpaka ule ulikuwa umechorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890 kwa kufuata nyuzi 1 kusini ya Ikweta, si kwa kufuata mto. Na mwaka 1964, mjini Cairo, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliahidi kuiheshimu mipaka waliyoirithi. Mkosaji alijulikana. Lakini wapatanishi walitaka kusuluhisha pasipo kumtaja, na Mwalimu Nyerere akakataa.

Katika Sura Al-Hujurat Mwenyezi Mungu ameweka utaratibu: wanapopigana waumini, wapatanisheni, mmoja akidhulumu, zuieni dhuluma yake mpaka arudi katika amri ya Mungu, na akirudi, patanisheni tena, kwa uadilifu. Wapatanishi wa 1978 waliiruka hatua ya pili.

Hapa sitaki kujipendekeza kwa wananchi wenzangu. Novemba hiyo Amin alitangaza kuwa anaondoka Kagera. Tanzania haikumwamini, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Mimi sishangai kwamba hakuaminiwa, maana avunjaye ahadi ya kwanza huifanya ya pili isiwe na thamani. Lakini hatua ya tatu iko wapi? Mtume s.a.w. alipoingia Makka, baada ya mkataba wake kuvunjwa, aliwasamehe waliomfukuza. Uganda, baada ya ushindi, kisasi kiliwaangukia watu wa West Nile, na maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire kwa sababu tu Amin alitoka upande wao.

Mzee alinyamaza, kisha akatabasamu. Kumbe alikuwa na kesi yake! Jirani yake alikwisha kuuvuka mpaka wa ngitili na kuingiza ng'ombe, wazee wakawapatanisha, na jirani akauvuka tena. Alitaka kujua kama inafaa kuwaita wazee mara ya pili, au aende moja kwa moja mahakamani.

Nikamwuliza: “Tangu hapo mmepata kusalimiana?”

Akajibu: “Huu ni mwezi wa nne, Sheikh, hatujasalimiana.”

Jumamosi asubuhi tulikwenda kwa jirani huyo, mzee na mimi, pamoja na wazee watatu walioushuhudia mpaka mara ya kwanza.