Uzuri wa Ziwa si Mshahara

Sisi tufanyao kazi Nyawera twaambiwa mara nyingi na wageni kwamba tuna bahati kufanya kazi mahali pazuri hivi. Neno hilo si uongo. Mji wa Bukavu umekaa juu ya rasi tano ziingiazo katika ziwa Kivu, na maji yenyewe yako mita 1,460 hivi juu ya bahari, ndiyo sababu hatujui joto kali. Ukiteremka kidogo kutoka sokoni waliona ziwa, na ng'ambo yake milima ya Rwanda. Alfajiri wavuvi wa sambaza hurudi na mitumbwi yao mitatu mitatu, iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, baada ya kukesha penye taa.

Lakini uzuri huo wamfaa nini mtu aliye kazini? Wako wasemao kwamba ni upuzi, maana macho hayashibishi tumbo. Wako na wengine, nao ni wabaya zaidi, wanaoufanya kuwa malipo: umepewa mahali pazuri, basi nyamaza juu ya mshahara.

Wale wa kwanza tusiwajibu kwa maneno mengi. Mama auzaye samaki tangu asubuhi, akiinua macho kidogo kutazama maji, hamwibii mtu wakati. Jicho lahitaji kupumzika kama mgongo uhitajivyo. Wavuvi nao huimba wakipiga makasia, na hakuna awalipaye kwa wimbo.

Wale wa pili yafaa tuwakumbushe habari ya sambaza. Samaki huyu hakuwamo Kivu. Aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kabla yake ziwa lilikuwa zuri vile vile, lakini uzuri wake haukujaza sufuria ya mtu. Tena wakati wa Wabelgiji rasi hizi zilikuwa makao ya Wazungu, nao wafanyakazi Wakongo walipangiwa Kadutu, upande wa mlimani. Walijenga nyumba za ufukoni, wakapalilia bustani zake, na jioni wakapanda kurudi kwao. Leo haitazamwi tena rangi, yatazamwa fedha. Kuta zimejengwa ufukoni, hata mtu aweza kufanya kazi mwaka mzima karibu na maji asiyaguse. Kumwambia mtu huyo kwamba ziwa ni sehemu ya mshahara wake, ni kumlipa kwa mali isiyo ya mlipaji.

Basi kama ziwa si malipo, ni kitu tulichopewa bure, na kitu cha bure chaharibika upesi mikononi mwa watu. Chupa ya plastiki itupwayo njiani yachukuliwa na mvua, yapita mferejini, yafika ziwani. Toka huko yafuata mto Ruzizi, utokao ziwani papa hapa Bukavu, mpaka kwenye bwawa la umeme. Hapo taka huziba mitambo, na taa zazimika mjini. Kumlaumu mama wa sokoni peke yake si haki, kwa maana hajapewa pipa, wala gari la taka halipiti kwake. Sisi wa maofisini, tusifuo ziwa mbele ya wageni, twatupa chupa zile zile, nasi hatuna udhuru wake.

Liko na jambo jingine dogo. Tumeona nyumba za kazi kando ya maji ambazo madirisha yake makubwa yako chumbani mwa mkubwa, nalo jiko na stoo vimeelekea ukuta. Mpishi na mfagiaji nao wana macho. Yeye ajengaye sasa, kabla fundi hajafunga tofali, na atoboe dirisha moja jikoni.