Je, Yatupasa Kuuzima Moto Tusiouwasha?

Kunapopambazuka, mitumbwi hurudi Kibirizi, kaskazini ya mji wa Kigoma, ikileta dagaa waliovuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Kina mama huwanunua, huwaanika, kisha huwauza wakiwa wakavu. Na kwa fedha hiyo watoto huvaa na kusoma. Tuseme yuko mama mmoja miongoni mwao aliyeazimia kuishi kwa uangalifu. Ameyaacha mafiga matatu, akajenga jiko la udongo lisilokula kuni nyingi. Dagaa wake huwaanika juu ya chanja, si mchangani, wasije wakaharibika wakatupwa. Waliokokotwa wakiwa wachanga hawanunui, hata wakiwa rahisi. Nyuma ya nyumba amepanda miti. Jirani yake amtazama, acheka, amwuliza: “Dada, jiko lako hilo ndilo litakalolipoza ziwa?”

Ndugu wasomaji, swali hilo si la mzaha. Lina hoja ya haki ndani yake, na lastahili jibu la haki.

Kwanza tuseme kweli juu ya ziwa lenyewe. Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, nalo ni la pili duniani kwa kina, baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Rutuba yake imelala chini, katika maji baridi. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini huyatikisa maji na kuipandisha. Ndipo vijimea vidogo hustawi, vijidudu huvila, na dagaa hula vijidudu hivyo. Walakini maji ya juu yakizidi joto huwa mepesi, yakaelea juu ya yale baridi kama mafuta, wala upepo hauwezi kuyachanganya vema. Mwaka 2003 wataalamu walikadiria kwamba kwa sababu hiyo ustawi wa vijimea umepungua kwa asilimia 20 hivi. Si kila msiba wa ziwa watoka huko. Uvuvi nao umezidi, hata serikali ikausimamisha tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Na ziwa hili limekuwa likipanda na kushuka tangu zamani za mababu. Lakini joto linaloongezeka duniani lina chanzo kinachojulikana: zaidi ya yote ni moshi wa makaa ya mawe, mafuta na gesi.

Moshi huo ni wa nani? Mtu mmoja wa Marekani, kwa wastani, hutoa tani 14 hivi za hewa ya ukaa kwa mwaka kwa kuchoma vitu hivyo. Mtanzania hafikishi hata nusu tani. Basi jirani yule anayo haki ya kuuliza: mbona aliyekula nyama asilipe, tulipe sisi tuliosikia harufu tu?

Kosa lake ni kuchanganya mambo mawili, yaani deni na wajibu. Deni ni la yule aliyetenda. Wajibu waweza kumfikia hata asiyetenda lolote. Nyumba ya jirani ikiwaka usiku, hatuulizi kwanza ni nani aliyeiwasha. Twachukua ndoo tukakimbia. Wala kuichukua ndoo si kukiri kwamba sisi ndio tuliochoma. Na huyo aliyechoma hasamehewi deni lake kwa sababu majirani walikuja na maji. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, aliyataja yote mawili: deni la nchi tajiri kwa nchi maskini, na matendo madogo ya kila siku nyumbani.

“Lakini ndoo ni ndogo mno,” jirani atasema. Ni kweli. Jiko lile halitalipoza ziwa, nasi tusimdanganye mtu. Walakini tusipime kila tendo kwa kipimo kimoja. Kuni zisizokatwa huuacha mti mlimani. Mti hushika udongo. Udongo usipomomonyoka hauingii ziwani kuyafunika mawe ambako samaki wengi huzalia. Dagaa asiyeoza amemlisha mtu, hakuvuliwa bure.

Mfano tunao karibu. Boti zitokazo Kibirizi huenda Gombe, ambako Jane Goodall alifika mwaka 1960. Miaka thelathini hivi baadaye aliruka kwa ndege juu ya hifadhi hiyo, akaona kwamba vilima vilivyoizunguka vimekuwa vitupu. Mwaka 1994 shirika lake lilianza kazi pamoja na wanavijiji: vitalu vya miche, majiko ya kuni chache, misitu iliyotengwa na vijiji vyenyewe. Mahali pengi visiki vilivyoachwa vipumzike vilichipua tena. Mama huyo alifariki mwaka 2025, na miti ingali ikikua. Hakuna mwanakijiji hata mmoja aweza kusema, “Kilima hiki nimekirudisha mimi”. Na bila wao kisingalirudi.

Yatupasa kujilinda na hatari mbili. Ya kwanza ni kiburi: mwenye jiko jipya asimdharau mwenye mafiga, wala asiyeweza kununua mtungi wa gesi asilaumiwe kana kwamba ametenda dhambi. Ya pili ni kuwaachia wakubwa wajifiche nyuma ya jiko la maskini. Mwaka 2009, huko Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kufikisha dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020, ili kuzisaidia nchi zinazoendelea. Kiasi hicho kilifikiwa mwaka 2022 tu. Deni hilo lidaiwe bila haya. Lakini adaiye na awe mtu ambaye nyumbani mwake mwenyewe ndoo haijalala.

Basi mama yule amjibu jirani yake kwa upole: “Halitalipoza, dada. Lakini ziwa hili ndilo linalonilisha, na watoto wangu watalikuta. Niwaambie nilikaa nikingoja nani?” Kisha ampe udongo uliobaki, na ampe mkono kujenga jiko la pili.